Mizinga Isiyo na Nyuki

Inspekta Kiema aliweka sikio kwenye mzinga akasikia mvumo. Akahamia mti wa pili, mvumo ukawa ule ule. Kwenye mti wa tatu ilikuwa hivyo hivyo. Alirudi nyuma akasimama mahali wazi, mbali na mti wowote, na bado mvumo ulikuwepo.

"Ni dawa ya kwinini," alisema. "Bado inaimba kichwani."

"Pole, afande," alijibu Sajenti Nzioka, mkuu wa kituo cha polisi cha Emali. Alikuwa amesimama mbali, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. "Lakini mimi nitakaa hapa hapa mpaka nihakikishe ni kwinini peke yake."

Kiema alikuwa ametoka tu kitandani kwake Machakos, ambako malaria ilikuwa imemlaza. Dawa ilikuwa imeondoa homa, ikaacha dunia ikielea. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umelala chini ya kilima cha Kyaluma, na mapaa ya hospitali ya misheni yalitokeza juu yake kama kitu kilichosahauliwa majini. Upande wa juu wa kilima ulikuwa visiki vitupu. Miti mikubwa iliyobaki ilikuwa imezunguka chemchemi, na kwenye kila mti ulining'inia mzinga wa gogo.

Mizinga hiyo ndiyo iliyomleta. Hospitali ya Kyaluma ilikuwa ikichemsha vyombo vya upasuaji kwa mvuke, na mvuke ulitoka kwa kuni, na kuni zilitoka kilimani. Siku moja wakata kuni walipanda wakakuta mizinga. Waliweka mashoka chini wakarudi nyumbani. Kwa Mkamba, mti wenye mzinga una mwenyewe, hata kama ardhi ni ya Kaunti Kansoli, baraza la serikali. Kuukata ni sawa na kuvunja ghala la mtu.

Siku chache baadaye akaletwa mama mmoja aitwaye Ndila, uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya. Thieta, chumba cha upasuaji, haikuwa na vyombo safi. Ndila akapakiwa kwenye gari kupelekwa Machakos, na mtoto akafia njiani. Msimamizi wa hospitali, Bwana Muthama, alipiga ripoti kwamba hospitali haikuwa na hata kijiti cha kuni kwa sababu ya mizinga ile. Polisi waliangalia alama iliyochomwa kwenye magogo, duara dogo juu ya mistari miwili iliyokatana, wakauliza ni ya nani. Wakaambiwa ni ya nyumba ambayo imebaki na mtu mmoja tu, Mzee Muli. Muli hakukana. Alisema tu alama ni ya nyumba yao, akanyoosha mikono afungwe pingu.

Kesho asubuhi angepelekwa mahakamani Machakos kwa kosa la kuhujumu hospitali. Kwa umri wake, akifungwa hatarudi.

Kiema alivua kofia, akaomba kwa maneno machache kama alivyozoea kufanya kabla ya kazi, akaivaa tena. Kisha akafungua kifuniko cha mzinga. Hakuhitaji ngazi. Mzinga ulining'inia usawa wa kifua chake.

Mjusi alitoka akamtazama. Ndani mlikuwa na vumbi na utando wa buibui.

"Sogea, Nzioka. Hakuna nyuki."

Nzioka alisogea hatua chache.

"Baba yako alikuwa na mizinga?"

"Alikuwa nayo."

"Alitundika wapi?"

"Juu kabisa, mwisho wa tawi. Ukiweka chini, nyegere anakuja, anakula asali halafu mzinga anauvunja kwa kiburi tu."

"Na kabla ya kutundika?"

"Anapaka nta ndani. Anafukiza majani ya harufu nzuri, ndiyo nyuki waone ni nyumba."

"Huu haukupakwa nta. Na nyegere angefika hapa bila kuhangaika. Muli amerina asali tangu ujana wake. Angetundika hivi?"

"Labda akiwa amelewa," alisema Nzioka, akafikiri. "Na halewi. Ni mzee wa kanisa."

"Basi aliyetundika hakutaka asali," alisema Kiema. "Alitaka mti."

Alishika kamba. Ilikuwa ya nailoni, nyekundu na nyeupe. Fundo lake lilikuwa la aina ambayo ng'ombe akivuta linakaza, lakini mtu akivuta ncha linaachia. Kiema alivuta ncha na mzinga ukateremka mikononi mwake kama mtoto aliyelala.

"Fundo la watu wa mifugo," alisema Nzioka, na sasa alikuwa amesogea kabisa. "Afande, kamba hizi anazo Aftin Dirie pale Emali. Ng'ombe wake walikuwa wakinywa kwenye chemchemi hii kabla haijapungua. Na juzi juzi alienda hospitali kutaka kuwauzia kuni kwa lori lake. Huyo ndiye mtu wetu."

"Huenda," alisema Kiema. "Twende tukamsalimie."

*

Soko la mifugo la Emali lilikuwa ndani ya vumbi la rangi ya dhahabu. Treni ya mizigo ilipita nyuma yake polepole, na kwa muda ilionekana kana kwamba mbuzi ndio wanaosafiri na treni imesimama. Aftin Dirie alikuwa ameketi juu ya kreti akinywa chai. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu alizozipaka hina.

"Afande," alisema bila kuinuka, "umekuja kununua mbuzi ama umekuja kuninunua mimi?"

Kiema alimwonyesha kamba. "Hii ni yako?"

"Kamba ni yangu. Fundo ni la vijana wangu. Mizinga si yangu. Mimi na nyuki, wallahi, hatujawahi kusalimiana."

"Kumbe unajua nakuuliza juu ya mizinga."

Aftin alicheka, akamwaga masalio ya chai mchangani. "Nimezeeka. Zamani ningengoja uitaje wewe."

"Mlitundika lini?"

"Siku ya maombi ya mvua. Nyinyi Wakristo wote mlikuwa uwanjani mnalia. Sisi tulikuwa na nafasi."

Nzioka alikohoa. Kiema alimgeukia. "Na Muli siku hiyo alikuwa wapi?"

"Uwanjani," alisema Nzioka kwa sauti ndogo. "Yeye ndiye aliyefunga maombi. Aliomba mpaka watoto wakalala."

"Na ulimkamata."

"Alama ilikuwa yake, afande. Na mwenyewe hakukataa."

Kiema alimrudia Aftin. "Miti ikibaki, chemchemi inajaa na ng'ombe wako wanapata maji. Miti ikizuiwa, hospitali inanunua kuni kwako. Pande zote mbili wewe unashinda."

"Kweli," alisema Aftin. "Ukinitazama kutoka hapo ulipo, hata mimi ningejifunga. Lakini ng'ombe wangu wana miguu, nawapeleka kwingine. Kuni nilienda kuziuza baada ya kusikia mtoto amekufa. Nilisema nitazileta bure mara ya kwanza. Muulize huyo Muthama wako."

"Mizinga mliitoa wapi?"

"Kambu. Kuna nyumba tupu karibu na barabara kuu. Ilikuwa imelala ghalani, mwenyewe amekufa."

"Nani alikutuma?"

Mbuzi mmoja alimlia Aftin shati naye hakumfukuza.

"Binti yangu Ebla yuko hai kwa mikono ya huyo mtu," alisema mwishowe. "Jina lake hulipati kwangu. Nifunge."

"Nikikufunga, nani atawanywesha hawa?"

"Hilo ndilo la kufikiria kwanza," alisema Aftin, akaagiza chai nyingine tatu.

*

Walirudi Kyaluma kwa Landrova, Nzioka akiendesha. Joto lilikuwa limepanda na barabara mbele yao ililowa maji ambayo hayakuwepo.

"Nani wa alama ile aliishi Kambu?" aliuliza Kiema.

"Ndugu mkubwa wa Muli. Alikufa zamani."

"Aliacha mtoto?"

"Hapana. Nyumba ile ilikwisha. Ndiyo tukasema amebaki Muli."

"Hakuzaa hata mmoja?"

"Wa kiume hakuzaa." Nzioka aliendesha kidogo. "Wasichana wapo."

Kiema alimtazama. Mguu wa Nzioka ulipunguza mwendo wenyewe, kama vile ameona kitu barabarani.

"Afande, mwanamke hatundiki mzinga. Hapewi alama."

"Hakupewa. Ameichukua kwenye ghala la baba yake. Hao wasichana wako wapi?"

"Mmoja ameolewa Kibwezi." Nzioka alibadilisha gia. "Mwingine ni Sista Syombua. Ndiye sista wa thieta, muuguzi anayeisimamia, hapo hospitali."

Polisi walikuwa wamehesabu watu wa nyumba ile, na wakata kuni wakahesabu, na wazee wa kanisa wakahesabu. Wote walipata mtu mmoja. Hakuna aliyekosea hesabu, kwa vile walivyofundishwa kuhesabu.

"Lakini haiwezekani," alisema Nzioka. "Yeye ndiye anayehitaji kuni kuliko wote."

"Ndiyo," alisema Kiema. "Ndiyo sababu nataka kumsikia."

*

Hospitali ilikuwa kimya. Mashuka meupe yalikuwa yameanikwa juani kutoka ukuta hadi ukuta, nao walipita katikati yake wakigusa huku na huku, na kwa kitambo hawakuonana. Kutoka wodi ya watoto mtu aliimba utenzi wa Kikamba kwa sauti ya chini, na mvumo wa masikio ya Kiema ukaishika sauti hiyo ukaenda nayo. Alipotokeza upande wa pili alijikuta nyuma ya majengo, mbele ya tanuri la matofali.

Lilikuwa kubwa kama nyumba. Matope yaliyokandikwa nje yalikuwa yamepasuka, na ndani yake matofali yalionekana mekundu. Kiema aliweka kiganja. Tanuri lilikuwa na joto, joto la ubavu wa ng'ombe. Hakuondoa mkono.

"Karibu, Inspekta." Muthama alikuwa amekuja nyuma yake, mtu mwenye tai na viatu vilivyong'arishwa. "Hayo ni matofali ya wodi mpya ya akina mama."

"Yamechomeka vizuri."

"Sana."

"Mlichoma kwa kuni zipi?"

Muthama alitoa leso akafuta kiatu kimoja.

"Tanuri kubwa namna hii linapoa polepole," alisema Kiema. "Lilikuwa linawaka wiki ile aliyoletwa Ndila. Uliwaambia polisi hospitali haikuwa na hata kijiti."

"Haikuwa nacho. Kufikia siku hiyo."

"Kabla ya siku hiyo?"

"Kulikuwa na kuni nyuma ya thieta. Kavu, zimefunikwa turubai. Sikujua ni za nani. Fundi wa matofali alikuwa analala hapa akila chakula cha hospitali, na udongo ulikuwa tayari." Alilegeza tai. "Inspekta, ingia wodi ya uzazi. Usiniamini mimi, ingia tu. Kuna mama amelala sakafuni na kichanga kwenye gazeti. Kila mtu hapa ananiambia juu ya miti. Niwaambie nini hao mama? Niwaambie miti?"

"Ungesema hivyo hivyo kituoni ningekuelewa. Ulisema jambo lingine, na mzee yuko selo."

Mlango wa thieta ulifunguka. Mwanamke wa makamo alisimama kizingitini akijifuta mikono. Alimtazama Kiema, kisha akautazama mkono wake uliokuwa bado kwenye tanuri.

"Umefika mwenyewe," alisema. "Nilifikiri nitakuja mimi kesho, kabla gari la Machakos halijaondoka."

"Wewe ndiye Sista Syombua?"

"Ndiye. Mizinga ni yangu."

"Mbona ulinyamaza, baba yako mdogo akiwa ndani?"

"Nilienda siku ya kwanza. Nilimpelekea chakula nikamwambia nasema sasa hivi. Akaniambia, sista wa thieta ni mmoja, wazee wa kukaa selo wako wengi. Akaniambia nikisema atanilaani. Halafu akauliza mbona sikuleta chumvi."

Nzioka aligeuka akaangalia mashuka.

"Niambie juu ya kuni," alisema Kiema.

Syombua alikaa kwenye ngazi ya thieta. Alizungumza polepole, kama anayemweleza mgonjwa dawa zake. "Chemchemi ilipoanza kupungua, watu walianza kuchota kwenye madimbwi. Wodi ya watoto ilikuwa na nafasi zamani. Sasa wanalala wawili kitanda kimoja, na wote ni tumbo. Mimi nachemsha makasi kwa miti ya kilima, miti inaisha, maji yanaisha, watoto wanakuja kwetu. Nikaona tunatibu ugonjwa tunaoupika wenyewe. Niliongea kwenye mkutano. Wakasema tuombe."

"Na mliomba," alisema Muthama.

"Niliomba. Wewe unajua niliomba." Hakupandisha sauti. "Thieta inakula kuni kidogo, Inspekta. Kuni nyingi zinaenda kwa nguo, na maji ya kuoga ya sisi wafanyakazi, na hayo matofali. Nguo, jua lipo. Kuoga, hakuna aliyekufa kwa maji baridi. Matofali yangengoja. Niliweka kuni za thieta pembeni, nikazifunika, zilikuwa zinatosha mpaka mvua. Ndipo nikatundikisha mizinga. Nilijua hakuna Mkamba atakayeigusa."

"Ulimwambia nani kwamba zile kuni ni za thieta?"

Utenzi kule wodini ulikuwa umekwisha.

"Hakuna," alisema Syombua. "Ningesema, wangeuliza kwa nini naweka akiba. Nilifunika turubai nikafikiri inatosha."

"Ningejua, singezigusa," alisema Muthama. Alisema akitazama viatu vyake.

Kiema alitoa mkono kwenye tanuri. Kiganja kilikuwa na vumbi jekundu.

"Bwana Muthama, mashtaka yanasema mizinga ndiyo iliyoiacha thieta bila kuni. Tanuri hili linasema sivyo. Unaweza kuja Emali sasa uondoe ripoti yako. Au kesho nimwombe hakimu aje aweke mkono wake hapa, kabla halijapoa."

Muthama alikaza tai yake, ikawa kama inambana. "Nitaondoa."

"Na kuni zilizobaki za tanuri?"

"Zipo kidogo."

"Ziwekwe mlangoni kwa sista. Bila turubai."

Syombua alikuwa ameinuka. "Na mimi?"

"Sheria niliyo nayo haina kosa la kutundika mzinga usio na nyuki. Wewe uko huru."

"Ndila hajaambiwa," alisema Syombua. "Anajua ni Muli. Alimlaani kwa jina mbele ya watu. Nipeleke kwake."

Kiema alimtazama Muthama.

"Na mimi nitaenda," alisema Muthama. Alisubiri vijana wahamishe kuni hadi mlango wa thieta, kisha akapanda nyuma ya Landrova bila kupangusa kiti.

*

Mzee Muli alipofunguliwa mlango wa selo hakutoka mara moja. Aliketi akivaa viatu kwa utaratibu, mguu mmoja, kisha mwingine.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Tanuri," alijibu Kiema.

Mzee alimtafakari. "Una homa, mwanangu?"

"Kidogo."

"Inaonekana. Lala mapema." Alipomwona Syombua nje alimtazama kwa muda mrefu, akapanda gari, akakaa kando yake. "Leo chumvi umeleta?" alimuuliza. Syombua alimshika mkono na hakuuachia mpaka walipofika.

Nyumba ya Ndila ilikuwa ng'ambo ya reli, mwisho wa shamba la mbaazi. Jua lilikuwa limeanza kushuka na mbaazi zilikuwa na rangi ya moshi. Ndila alikuwa uani akipepeta. Alikuwa mdogo kuliko Kiema alivyodhani. Aliwaona wakija, akamtambua Muli, na ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mama," alisema Kiema, "huyu mzee hakutundika mizinga. Nimekuja kukuambia hivyo kwa niaba ya serikali. Wengine wana lao."

Syombua alisogea mbele. Hakupiga magoti wala hakulia. "Ni mimi niliyetundika. Nilitaka chemchemi ibaki. Niliweka kuni za kukupasulia wewe, wewe au yeyote atakayekuja. Sikumwambia mtu kuni ni za nini."

"Na mimi nilizichukua nikachomea matofali," alisema Muthama. "Nikasema ni mizinga."

Upepo ulipita juu ya ungo ukachukua makapi. Ndila aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alipomfikia Syombua macho yake yakatulia hapo.

"Leo thieta yuko nani?"

"Hakuna mtu," alisema Syombua.

"Kuni?"

"Zipo. Ziko mlangoni."

"Kuni ziko mlangoni na wewe uko hapa." Ndila aliweka ungo chini. "Na kama kuna mwenzangu amefika sasa hivi, amebebwa kwa kitanda kama mimi, ataambiwa angoje mpaka umalize kuniomba msamaha?"

Kiema aliinamisha kichwa, na Muli naye akainamisha chake.

"Sijawasamehe," alisema Ndila. "Hilo tutalizungumza, tena mchana kutwa, na kila mmoja atasema la kwake nikisikia. Lakini si leo. Sista, rudi kazini."

Syombua alisimama kidogo, kama mtu anayetaka kuguswa na haguswi. Kisha akageuka, na alipokuwa amefika katikati ya mbaazi tayari alikuwa anakimbia.